Barua kwa Mwanangu Kuhusu Lehemu Nzuri Iliyoshuka

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia salama hapa Kihesa, na nimeusoma mara mbili. Umeniuliza kwa nini lehemu (kolesteroli) nzuri yako ni 0.6 ilhali wewe si mnene, na kama kuna kidonge cha kuipandisha haraka. Nitakujibu nikiwa mama yako na nikiwa muuguzi mstaafu.

Lehemu ni mafuta, na kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na damu, hubebwa katika vifurushi vidogo vyenye protini. Vifurushi viitwavyo HDL huokota lehemu iliyozidi, hata ile iliyojibanza kwenye kuta za mishipa, na kuirudisha kwenye ini, nalo huitoa kupitia nyongo. Ndiyo sababu ikaitwa nzuri. Kwa mwanamume haitakiwi kupungua chini ya milimoli 1.0 kwa lita, na kwa mwanamke 1.3, hivyo yako imeshuka kweli na sitakuficha.

Hata hivyo, katika karatasi ya majibu uliyonitumia, jicho langu limekwama kwenye mstari mwingine: trigliseridi zako, yaani mafuta ya aina nyingine yaliyomo kwenye damu, ni 3.4, wakati hazitakiwi kuvuka 1.7. Mafuta hayo yakijaa katika damu huingia ndani ya vifurushi vya HDL na kuchukua nafasi ya lehemu, kisha vifurushi hivyo huvunjwa na kuondolewa mwilini upesi kuliko kawaida. Tena ulipima siku tisa tu baada ya malaria uliyoipata Kyela, na malaria huishusha HDL na kupandisha trigliseridi kwa muda. Basi subiri upone kabisa, upime tena baada ya miezi miwili, na siku hiyo uombe wakupime sukari na presha pia.

Ikibaki chini, na hasa ikiwa chini ya 0.5, daktari atakuuliza maswali zaidi. Sindano za homoni ambazo vijana wa mazoezi huchoma ili kutunisha misuli huishusha vibaya sana. Kama umewahi kuchoma, mwambie bila kuona haya, nami sitakugombeza. Yapo pia maradhi adimu ya kurithi, kama ugonjwa wa Tangier, ambao huyapa mafindofindo rangi ya machungwa.

Sasa kidonge. Zamani hata sisi wahudumu wa afya tuliamini kwamba ukiipandisha namba hii umeulinda moyo. Mwaka 2006 dawa iitwayo torcetrapib, iliyokuwa ikijaribiwa kwa watu zaidi ya 15,000, ilisimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikufa wengi kuliko wasioitumia, ingawa HDL yao ilikuwa imepanda sana. Na huko Italia, katika kijiji cha Limone sul Garda, kuna ukoo wenye HDL ya chini kwa kurithi ambao mishipa yao haikuonekana kuharibika kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo mimi naiona namba hii kama moshi unaotujulisha kwamba mahali fulani pana moto, na ni moto huo ninaotaka uutafute. Asikuuzie mtu vidonge vya kuipandisha.

Kwako wewe naanza kuushuku mlo. Najua unavyokunywa soda mbili kwa siku, chai yenye vijiko vinne vya sukari, na mlima wa wali usiku. Sukari na wanga mwingi ndivyo ini linavyogeuza kuwa trigliseridi. Usikimbilie kuacha mafuta yote, maana hilo nalo huishusha HDL: kula karanga, parachichi, maharage na usipa. Sigara uiache kabisa. Hapo Mbeya, kutoka Soweto hadi Mwanjelwa nenda kwa miguu, si kwa bajaji. Anayekuambia ulanzi au bia hupandisha lehemu nzuri hajakudanganya, lakini hupandisha trigliseridi pia, na zako tayari ni nyingi.

Huenda HDL ikapanda kidogo tu, mwanangu, na hilo lisikuvunje moyo. Lehemu mbaya, yaani LDL, ndiyo ambayo daktari ana dawa zilizothibitishwa za kuishusha, na yako ni 2.6, kwa hiyo mwachie yeye aamue kama unazihitaji.

Ijumaa nakutumia maharage kwa basi. Yachemshe, uyaunge kwa nyanya, kitunguu na mafuta kidogo, na ukipata majibu mapya unipigie siku hiyo hiyo.

Mama yako