Makumbusho ya kijiji Old Moshi: kabla hamjapanga vitu kwenye rafu

Mkuu, umesema mmepewa chumba kimoja cha makumbusho Old Moshi, huku Kilimanjaro, mna vibuyu, mikuki na ngozi za wazee, na wanaojitolea ni wachache. Rafu na mabango yasubiri. Anzeni na daftari.

Nunueni kaunta buku yenye jalada gumu. Kila kitu kipewe namba yenye mwaka, mpokeo (vitu vilivyopokelewa kwa mara moja) na kitu chenyewe: kitu cha pili katika mpokeo wa saba wa mwaka 2025 ni 2025.7.2. Andikeni imetoka ukoo gani, kihamba (shamba la ukoo) cha wapi, ilitumika kwenye shughuli gani, na inaitwaje kwa Kichagga cha huko huko, maana cha Rombo na cha Machame si kimoja. Halafu fomu ya makabidhiano: ni zawadi au ni azima, na azima inaisha lini? Asaini mwenye kitu pamoja na shahidi wa ukoo wake. Hapa ndipo makumbusho madogo huingia matatani. Mzee anatoa mkuki kwa maneno tu, akifariki watoto wanaufuata, na karatasi hakuna.

Namba msiiandike kwa maka peni, wino wake unazama kwenye mti. Rangi ya kucha nayo hubabuka. Andikeni kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu, mkifunge kwa uzi wa pamba.

Sasa wadudu. Kitu kipya kikae kwanza chumba kingine, ndani ya nailoni safi, wiki mbili. Ukiona unga mpya chini ya vitundu, bungua, wale wadudu watoboa mti, bado wamo. Tiba ni friza: funga nailoni mbili, kamua hewa, gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku 14. Umeme ukikatika kitu kikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukikitoa usifungue mfuko kabla ya saa 24, ili jasho likae juu ya nailoni, si kwenye kitu. Ngoma iliyowambwa msiigandishe; ngozi na mti havisinyai sawasawa, itapasuka. Dawa ya kupuliza msiguse kabisa, inabaki kwenye ngozi na watoto wa shule wanashika.

Kata, yaani kibuyu cha kunywea mbege (pombe ya ndizi), ina utando mweusi ndani. Tafadhali sana msiusugue! Ndio ushahidi kwamba ilinywewa. Brashi laini kavu inatosha, na vanishi hapana.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo hatari kubwa. Nunueni kipima unyevu. Kikipita asilimia 65 ukungu unaanza. Rafu zikae mbali kidogo na ukuta, na chochote kisilale sakafuni, mchwa hawabishi hodi.

Kila mwezi pigeni picha kurasa mpya za daftari, nakala ikae nyumbani kwa mjumbe mwingine.

Kuhusu ngozi: kama manyoya yanadondoka ukizigusa, weka picha hapa kwanza kabla hamjazikunjua.