Kabla ya kugusa FRACK: namna ninavyopanga muda kwenye redio ya pakiti

Mtu akinipigia simu kulalamika kwamba pakiti zake, yaani vipande vya data anavyotuma kwa redio, "hazipiti", mara nyingi huwa ameshabadilisha FRACK (muda wa kungoja uthibitisho kabla ya kutuma tena) na RETRY (idadi ya marudio). Ya kwanza ameishusha hadi sekunde moja, ya pili ameipandisha juu kabisa, na sasa kituo chake kinarusha bila kupumzika na wenzake kwenye chaneli hawapati nafasi. Namwelewa. Ukisoma orodha ya amri, hizo mbili ndizo zinazoonekana kuhusika na kukwama. Lakini FRACK ndiyo ya mwisho kuguswa, kwa sababu thamani yake hutokana na zile nyingine zote. Ukiibadilisha kwanza, unakisia tu.

Nazungumzia AX.25 (itifaki ya pakiti ya redio za ridhaa) ya kawaida ya baudi 1200 kwenye VHF, iwe una TNC-2 ya zamani (kisanduku kinachounganisha kompyuta na redio), modemu ndogo ya KISS (inayoiachia kompyuta kazi ya itifaki), au programu ya Direwolf kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Majina ya amri yametoka miaka ya 1980 na mengi bado yanatumika vilevile, hata pale TNC yenyewe ilipogeuka kuwa programu.

Anza na sauti. Toni za 1200 na 2200 Hz zikitoka zimepasuka, hakuna mpangilio wa muda utakaoziokoa. Nalenga deviesheni (kiasi ambacho sauti inayumbisha masafa) ya takriban kHz 3. Kama huna kipimo, sikiliza kwa redio ya pili: ongeza sauti ya kompyuta taratibu mpaka ufike mahali ambapo toni haizidi tena kupanda, kisha rudi nyuma hadi usikie wazi kwamba imepungua. Hapo ndipo pa kuanzia. Upande wa kupokea, fungua skwelchi (kinachonyamazisha redio pasipo na mawimbi) kabisa na uiache modemu yenyewe iamue kama kuna data hewani. Skwelchi huchelewa kufunguka, na kila inapochelewa inakula mwanzo wa fremu (pakiti) ya mwenzako.

Sasa TXDELAY. Huu ni muda kati ya redio kuanza kurusha na data yenyewe kuanza kutoka. Katikati hapo modemu hutuma bendera tupu, yaani alama za kujaza muda. Kipimo chake ni milisekunde 10, kwa hiyo 30 ni milisekunde 300. (Kwenye kissparms ya Linux unaandika milisekunde zenyewe, na wengi hujikwaa hapo: ukiandika 30 umepata milisekunde 30, na hakuna atakayekusikia.) Wengi hudhani TXDELAY inahusu redio yao tu, yaani inachukua muda gani kupanda hadi nguvu kamili. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko kwa anayekupokea: redio yake ichukue muda kutoka kurusha kurudi kusikiliza, skwelchi yake ifunguke kama hakuiacha wazi, modemu yake ishike mdundo wa biti zako. Redio yako inaweza kuwa ya kisasa na ya haraka, lakini ukiongea na mtu mwenye redio ya mkononi ya bei nafuu iliyoachwa kwenye hali ya kuokoa betri, pakiti zako zitakatwa vichwa. Mwambie azime hiyo hali kwanza. Na asitumie VOX (kurusha kunakowashwa na sauti yenyewe). Inachelewa kuanza na inachelewa kuacha, na huo muda wa kuacha unamziba masikio wakati wewe unamjibu.

Ninavyoipima: naanza na 50, mwenzangu akiangalia kioo chake. Natuma fremu kadhaa za UI (zisizodai uthibitisho), nashusha kwa 5, natuma tena. Zinapoanza kupotea, napanda kwa 10 na kuacha hapo. Kipimo hiki kifanye na kituo dhaifu kuliko vyote unavyozungumza navyo, wala usikifanye na rafiki aliye nyumba ya tatu.

Kwa nini nihangaike na milisekunde 200? Kwa sababu zinalipwa kila unaporusha, hata kwa uthibitisho mdogo kabisa. Kwa baudi 1200 unapitisha baiti 150 kwa sekunde. Fremu ya uthibitisho ina baiti 19 hivi, yaani sekunde 0.13. Ukiweka TXDELAY ya 50, umekalia chaneli kwa zaidi ya sekunde 0.6 kusema neno la sekunde 0.13. TXTAIL, yaani muda wa kubaki ukirusha baada ya data kwisha, iwe fupi. Modemu za kadi ya sauti huihitaji kidogo ili mwisho wa fremu usikatwe, na 10 inatosha.

PERSIST na SLOTTIME ndizo zinazoamua adabu yako hewani. Katika KISS, iliyochapishwa na Phil Karn na Mike Chepponis mwaka 1987, modemu inayotaka kurusha husubiri chaneli iwe kimya, kisha hurusha kete. PERSIST ya 63 ni nafasi moja kati ya nne, kwa kuwa 63 ukiongeza 1 ni 64 kati ya 256. Kete ikikataa, modemu inasubiri SLOTTIME moja na kurusha kete tena. Kwa 63 na SLOTTIME ya milisekunde 100, kwa wastani unapoteza milisekunde 300. Ni bei ndogo. Weka PERSIST 255 na kete haipo tena: wewe na mwingine yeyote aliyefanya hivyo mtaruka pamoja mara tu mtu wa tatu anaponyamaza, na mtagongana kila safari. TNC za zamani zenye DWAIT (muda wa kusubiri usiobadilika) peke yake zilikuwa na ugonjwa huohuo, maana wote waliosubiri muda uleule waliamka pamoja.

Kanuni ninayotumia ni kugawa 256 kwa idadi ya vituo vinavyotuma kweli saa hiyo. Wawili tu, 127. Wanne, 63. Kama jioni moja ya zoezi la dharura mko kumi, shukeni hadi 25. SLOTTIME nayo lazima izidi muda ambao kituo kingine kinahitaji kugundua kwamba umeanza kurusha. Kama redio zenu ni nzito kuamka, milisekunde 100 hazitoshi. Mwenzako atarusha kete yake ya pili wakati wewe umeshaanza na yeye bado anasikia kimya.

Yote hayo yanafaa pale tu vituo vinaposikiana, na hapa ndipo jiografia inapoingia. Mimi niko upande wa Rongai. Wenzangu wako ng'ambo ya vilima vya Ngong, chini kwenye Bonde la Ufa kuelekea Magadi. Dijipita (kituo kinachorudia pakiti za wengine) iliyo juu kwenye mgongo wa kilima inatusikia sote, lakini mimi na wao hatusikiani hata kidogo. Kwangu chaneli ni kimya, kwao ni kimya, na juu kilimani tunagongana. PERSIST haina dawa ya hili, kwa sababu kete inarushwa baada ya kusikiliza, na hakuna cha kusikia. Kinachosaidia ni kuongea kwa vipande vifupi na kusubiri kwa muda mrefu. Basi.

Vipande hivyo ni PACLEN na MAXFRAME. PACLEN ni idadi ya juu ya baiti za data katika fremu moja. PACLEN ya 128 pamoja na anwani na baiti nyingine za AX.25 hufika kama baiti 148, karibu sekunde moja hewani. PACLEN ya 256 ni sekunde 1.8 na zaidi. Biti moja ikiharibika, fremu nzima hutupwa, kwa hiyo kila sekunde unayoongeza ni sekunde ambayo mtu wa bondeni anaweza kukurukia. MAXFRAME ni idadi ya fremu unazoweza kutuma kabla ya kudai uthibitisho, hadi 7. Ikiwa 4 na ya kwanza ikapotea, mpokeaji wa kawaida hazihifadhi tatu zilizobaki, na zote nne zinarudiwa. Mkisikiana vizuri mko wawili, 256 na 4 zinapendeza sana na faili linaenda. Kupitia kilima, naweka 64 na MAXFRAME 1, au 128 na 2 usiku chaneli ikiwa tulivu. Kwenye karatasi inaonekana polepole. Hewani barua inafika mapema, kwa sababu hairudiwi.

Sasa unaweza kuigusa FRACK, na ni hesabu ya kujumlisha. Chukua fremu nne za 128: sekunde nne za data na 0.3 za TXDELAY. Ongeza muda wa mwenzako kungoja nafasi, kisha uthibitisho wake wa nusu sekunde. Umeshapita sekunde tano bila mtu wa tatu kusema chochote. TNC inayojua ilipomaliza kurusha huanza kuhesabu hapo, na sekunde 3 za kiwandani zinaweza kutosha. Lakini Linux yenye modemu ya KISS huanza kuhesabu inapokabidhi fremu kwa modemu, bila kujua kama imetoka au bado inasubiri kwenye foleni. Hapo sekunde 3 zinaisha kabla fremu ya nne haijamaliza kuruka, na mfumo unaanza kudai uthibitisho wa kitu ambacho bado kiko njiani. Ndiyo maana t1_timeout ya Linux, ambayo ndiyo FRACK yake, ni milisekunde 10,000 tangu mwanzo. Iache. Ukiishusha, unajaza foleni kwa marudio ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ukipita kwenye dijipita, TNC-2 yenyewe huongeza: hukuza FRACK kwa mara mbili ya idadi ya dijipita, ukiongeza moja. Dijipita mbili na FRACK ya 3 ni sekunde 15. Usiogope kuiona ikikaa kimya hivyo. Ila kabla ya kupitia dijipita mbili, fikiria hesabu nyingine. Kama kila hatua inafaulu mara nane kati ya kumi, hatua tatu za kwenda na tatu za kurudi zinakupa mara moja kati ya nne tu, kwa sababu uthibitisho unatoka mwisho hadi mwisho. Nodi, mfano ya programu ya BPQ, huthibitisha kila hatua peke yake, na kinachopotea kinarudiwa hapo kilipopotea. Kama kuna nodi kilimani, ingia kwayo. Dijipita waachie APRS (mfumo wa kutangaza mahali kituo kilipo).

RETRY iache kwenye 10. Kiungo kilichoshindwa mara kumi kimeshakwambia jambo.

Kasi ikibadilika, hesabu inageuka. Kwa baudi 300 kwenye HF (mawimbi mafupi), ile fremu ya 128 inakalia karibu sekunde nne, na mawimbi hufifia na kurudi ndani ya muda huo. Weka PACLEN 32 au 64 na MAXFRAME 1, usibishane. Kwa baudi 9600 fremu hiyohiyo ni sekunde 0.12 tu, kwa hiyo TXDELAY ya milisekunde 300 inakuwa zaidi ya mara mbili ya data. Huko ongeza PACLEN na MAXFRAME, na fedha yako itumie kwenye redio inayogeuka haraka kutoka kurusha hadi kupokea.

APRS nayo haina uthibitisho wa AX.25 kwa fremu za mahali, kwa hiyo FRACK na MAXFRAME hazina kazi huko. TXDELAY, PERSIST na SLOTTIME bado zinahusika, pamoja na njia uliyoandika na mara ngapi unajitangaza. Kituo kilichopo juu ya paa la nyumba hakihami. Tangazo moja kila dakika 30 linatosha, na njia ya WIDE2-1 (inayoomba dijipita moja tu) peke yake.