Ndege wavumaji: mama, umewapikia wanzuki

SWALI: Habari za kazi, daktari. Ninaishi Louisville, Kentucky. Jirani alinipa chupa ya kulishia wale ndege wadogo sana wanaofanana na chozi wa kwetu Morogoro. Nilichanganya asali na maji nusu kwa nusu, nikatia rangi nyekundu ya keki ili waione. Siku ya kwanza walikuja, nikafurahi. Siku ya tatu maji yakawa na ukungu-ukungu, povu, na harufu ya uchachu, na ndege siwaoni. Nimekosea wapi? Na je, safari yao ikikaribia niwazidishie utamu wapate nguvu, au niondoe chupa wasije wakachelewa kuondoka?

JIBU: Mama, kabla hujasoma zaidi, nenda kamwage hicho kilichomo kwenye chupa. Nakusubiri.

Ulichotengeneza kina jina lake kwetu: wanzuki, yaani pombe ya asali. Asali ikiwa peke yake haichachi kwa sababu maji yake ni machache, takriban asilimia 17 au 18, na hamira zilizomo ndani zimelala. Ukiizimua tu, zinaamka. Ni kama tembo la mnazi: la asubuhi ni tamu hata kwa mtoto, la jioni linaangusha mtu mzima. Weka chupa hiyo kwenye joto la Kentucky mwezi wa saba, na siku tatu ni nyingi mno. Na kuchacha ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Asali iliyozimuliwa huotesha kuvu, na kuvu hiyo inaweza kumshambulia ndege ulimi. Ndege huyu hulamba maji ya maua kwa ulimi. Ulimi ukivimba, amekufa njaa mbele ya chakula.

Najua utaniuliza: asali si ndiyo ya asili, na sukari si ndiyo ya kiwandani? Hapa mambo yamepinduka. Utamu wa maua anayoyapenda ndege huyu kwa sehemu kubwa ni sukrosi, yaani sukari ile ile ya mezani. Nyuki akishaubeba, huivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kisha hupunguza maji mpaka uwe mzito. Kwa hiyo asali imekwenda mbali na ua kuliko sukari nyeupe iliyomo kabatini mwako.

Nimesema nyeupe, na nashikilia hapo. Sukari guru, sukari ya kahawia na ile inayouzwa kama "haijasafishwa" zimebaki na madini ya chuma. Maji ya maua yana chuma kidogo sana, na mwili wa ndege huyu haujui kukitoa kikizidi. Kinajilimbikiza na kumdhuru. Sukari ya wagonjwa wa kisukari nayo usimpe: ni tamu lakini haina nguvu yoyote, na kiumbe wa gramu 3 anayepiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde hawezi kuishi kwa kudanganywa ulimi.

Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji. Ukitaka kidogo, robo kikombe kwa kikombe kimoja. Kikombe kiwe kile kile, na sukari isijazwe kwa kilima. Chemsha maji kwanza, zima moto, ndipo utie sukari na kukoroga mpaka isionekane. Ukiyaacha yatokote na sukari ndani, maji yanapungua na kipimo chako kimeharibika. Acha yapoe kabisa kabla ya kujaza chupa. Yanayobaki yakae kwenye friji, yasizidi wiki moja.

Rangi ya keki iache kwenye keki. Chupa za kulishia ndege hawa kwa kawaida zina sehemu nyekundu, na hiyo inatosha kuwaita.

Kwenye usafi ndiko watu wengi wanakoshindwa, maana maji matamu yakionekana safi mtu huona hakuna haja. Joto likifika nyuzi 32 za Selsiasi, badilisha kila siku au baada ya siku mbili. Kukiwa na ubaridi, siku tatu au nne. Usijaze chupa yote kama ndege ni wachache. Kila unapobadilisha, sugua kwa brashi na maji ya moto, hasa kwenye vitundu wanakoingizia mdomo, kwani ukungu mweusi hujificha humo. Siki inasaidia. Suuza mpaka harufu iishe, kisha itundike kivulini.

Sasa safari. Anayefika kwako kwa kawaida ni mvumaji wa koo jekundu, ingawa koo hilo ni la dume tu. Chozi si ndugu yake. Wamefanana kwa kazi. Chozi hupenda kutua ndipo anywe, mvumaji huelea hewani. Kabla ya kuelekea Mexico na Amerika ya Kati hunenepa sana, na wapo wanaovuka Ghuba ya Mexico kwa mkupuo mmoja, takriban kilomita 800 bila pa kutua. Hata hivyo usimzidishie utamu. Maji mazito ni magumu kulamba, na mafuta ya safari anayapata pia kwa wadudu, kwa hiyo usipulize dawa ya wadudu kwenye maua yako.

Wala chupa yako haitamchelewesha. Kinachomwambia aondoke ni mchana kuwa mfupi. Mwachie chupa ikiwa safi mpaka upite muda wa wiki mbili hujaona hata mmoja, kwa sababu anayechelewa mara nyingi si wako. Ni mpita njia kutoka kaskazini, na ana njaa.