Mchunga kondoo au mchungaji wa kondoo?

SWALI: Katika habari moja nimesoma "mchunga kondoo", na aya iliyofuata mtu huyohuyo akaitwa "mchungaji wa kondoo". Je, mwandishi amekosea? Na kwa nini asimwite mfugaji tu?

JIBU: Hakukosea. Maneno yote mawili yametokana na kitenzi chunga, na yote yanamtaja anayepeleka wanyama malishoni, akawalinda na kuwarudisha zizini. Tofauti imo katika umbo.

Mchunga ni m- na chunga, basi. Bado lina nguvu ya kitenzi, ndiyo maana hutaka kinachochungwa kifuate papo hapo: mchunga kondoo, mchunga mbuzi, sawa na mla nyama au mfuga nyuki. Likiachwa peke yake huning'inia, na wapo watakaodhani unataja ile mboga chungu ya majani iitwayo mchunga. Mchungaji limeongezewa -ji likawa nomino inayojitegemea. Likitaka kumtaja mnyama hupitia kwenye "wa". Kosa ni kuyachanganya: "mchunga wa kondoo", "mchungaji kondoo".

Sasa tia kivumishi. "Mchunga kondoo mnene": mnene ni mtu au mnyama? Sarufi haikusaidii, kwa sababu kondoo naye huchukua upatanisho uleule wa mtu. Wala huwezi kupenyeza neno katikati ukasema "mchunga mnene kondoo". Andika "mchungaji mnene wa kondoo", utata umekwisha.

Lakini mchungaji nalo lina mtego wake, maana kanisani ni cheo, hufupishwa Mch. mbele ya jina, na wengi wamelizoea kutoka Zaburi ya 23: "Bwana ndiye mchungaji wangu." Kichwa cha habari kikisema "Wachungaji watatu wapotea porini", msomaji atawaza mimbari kabla ya zizi. Hapo "Wachungaji watatu wa kondoo" ndiyo sahihi zaidi, na tungependa wahariri walizingatie hilo.

Mfugaji ni habari nyingine. Kufuga ni kuwa na mifugo na kuitunza: kuizalisha, kuitibu, kuiuza. Mwenye kondoo 200 aliyeajiri mtu wa kuwapeleka malishoni ni mfugaji, ila si mchungaji. Yule aliyeajiriwa ni mchungaji hata kama hana kondoo hata mmoja. Anayewachunga kondoo wake mwenyewe ana haki ya majina yote mawili.