Mtu mzima ni yule pale

Wadogo zangu mnaoanza kusoma saikolojia ya ukuaji, nianze na kosa langu mwenyewe. Dodoso langu la kwanza lilikuwa na swali moja nililoliona rahisi kuliko yote: "Je, unajiona umekuwa mtu mzima?" Ndiyo, hapana, au kwa kiasi fulani. Tulikuwa kwenye kijiji kimoja mkoani Lindi, na niliyekuwa namhoji ni mama wa watoto wawili, miaka 24, anapepeta mchele. Alicheka mpaka akauweka ungo chini. "Mie mtu mzima? Mtu mzima yule pale," akasema, akinionyesha kwa kidevu mkwewe aliyekaa barazani. Nikatia alama kwenye "hapana", nikafunua ukurasa wa pili.

Siku ya tatu ndipo nikashtuka. Kwa wale niliokuwa nikiwahoji, "mtu mzima" ni namna ya heshima ya kumtaja aliyezeeka. Kumbe siku zote mbili mabinti walikuwa wananijibu swali jingine kabisa, na mimi narudi kwa msimamizi na rundo la karatasi zinazosema kwamba wanawake wenye waume, watoto na mashamba hawajafika utu uzima. Kiswahili nimezaliwa nacho, lakini bado kiliniangusha. Aliyejifunza ukubwani labda angeuliza.

Swali lenyewe halikuwa letu. Lilitoka kwa Jeffrey Arnett, Mmarekani ambaye mwaka 2000 alipendekeza kwamba kati ya ubarobaro na utu uzima kuna kipindi kingine, kama miaka 18 hadi 25. Vijana wa kwao wengi walipoulizwa walijibu nusunusu, na alama za utu uzima walizozitaja ni kuwajibika kwa mambo yako, kuamua mwenyewe na kujitegemea kwa pesa. Sina ugomvi na kazi hiyo, na msiitupe. Huyo huyo Arnett mwaka 2008 aliandika kuwalaumu wanasaikolojia wenzake wa Marekani kwamba wanaipa kisogo asilimia 95 ya watu wa dunia. Shida ilikuwa sisi tulionakili swali na kulitafsiri usiku mmoja.

Tulipoacha karatasi tukaanza kukaa na watu, tukabadilisha swali: hapa kijijini nani amekua karibuni, na mmejuaje? Neno lililorudi mara nyingi halikuwa kujitegemea. Lilikuwa kutegemewa. Fulani siku hizi anaitwa kwenye vikao vya harusi. Fulani ndiye anayetumwa kupeleka posa. Fulani ndugu zake hawauzi mnazi bila kumwuliza. Maneno hayo mawili yana shina moja, lakini nadharia mbili za ukuaji zinapita katikati yake. Mkijenga kipimo juu ya la kwanza peke yake, anayelea wadogo zake watano nyumbani kwa baba yake atatoka na alama za chini kuliko anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga.

Vipimo vya kujithamini ndivyo vibaya zaidi. Kile cha Rosenberg cha mwaka 1965, chenye sentensi 10, mtakutana nacho kila mahali. Sasa jaribuni kumsomea bibi wa watu sentensi zinazoanza na "najiona" au "najisikia". Kwetu anayejiona ana majivuno, na anayejisikia hana tofauti naye. Kuna sentensi moja inayosema kwamba huna mengi ya kujivunia. Mtu aliyelelewa vizuri ataikubali haraka, kwa adabu tu, na kipimo kitamhesabu kuwa hajithamini. Kutafsiri kwenda na kurudi, yaani mwingine kuirudisha tafsiri kwenye lugha ya kwanza ili mlinganishe, hakutaokoa hapo, kwa sababu maneno yatarudi sawasawa. Msomeeni mtu mmoja sentensi hiyo, kisha mwambieni aieleze kwa maneno yake. Watu sita au saba wanatosha kuwaonyesha palipooza.

Katika kusoma, msikae kwa Erikson na hatua zake nane za ukuaji mkadhani mmemaliza (ingawa yeye mwenyewe alitoka akaenda kukaa na Wasioux na Wayurok, wenyeji wa asili wa Marekani, jambo ambalo wanaomnukuu hulisahau). Mtafuteni Bame Nsamenang, mwanasaikolojia wa Kameruni. Kwake mtoto hukua kwa kukabidhiwa majukumu, utu wa kijamii huanzia pale anapopewa jina, na ukuaji hauishii kaburini kwa sababu wahenga nao wamo. Nilipomsoma nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu bila kumsikia.

Ila msikimbilie upande wa pili, mkaanza kuandika "Mwafrika huona hivi". Mwaka 1997 Ma na Schoeneman walichapisha utafiti wa Kenya ambapo watu walitakiwa kujaza sentensi 20 zinazojibu "mimi ni nani". Wamasai na Wasamburu walijitaja zaidi kwa nafasi zao na kwa watu wao. Wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi walifanana zaidi na Wamarekani. Nchi ni moja. Kwa hiyo kuwapa wanafunzi wenzenu madodoso kisha kuyaita ya Kenya, au ya Tanzania, ni uvivu.

Kibali na ridhaa msiviruke, hata kama mzazi amekubali kwa niaba ya mtoto. Muulizeni na mtoto. Na kama mzee hajui mwaka wake wa kuzaliwa, msikisie. Muulizeni vita vya Kagera vilimkuta wapi, mvua za El Niño za 1997 zilimkuta na watoto wangapi.

Ule mwaka wa Lindi, kwenye nyumba ya mwisho tuliyoingia, walituelekeza kwa mtu mmoja aliyekua "mwaka jana, alipofariki baba yao". Ndiye aliyekusanya michango, ndiye aliyepokea wageni, na madeni ya marehemu aliyabeba yeye. Kaka yake mkubwa, ambaye hajaoa, alikuwa na miaka 34 na wote walimwita kijana. Huyu tuliyeelekezwa tulimkuta anarekebisha baiskeli. Kwenye kisanduku cha umri nikaandika 19.