Diski ya kiuno imetokeza, mbona mguu ndo unauma?

Swali: Habari mtaalamu. Nina miaka 36, kazi yangu kufyatua na kubeba tofali. Mwezi wa pili huu maumivu yanaanzia kwenye kalio la kushoto, yanapita nyuma ya paja na kigimbi mpaka kidole cha mwisho, na pana ganzi. MRI inasema diski ya L5-S1 imetokeza kushoto. Mtaani wananiambia diski ikigusa uti wa mgongo unapooza. Ni kweli? Na kwanini mguu unauma kuliko mgongo?

Jibu: Pole sana kaka. Hiyo hofu ya kupooza naisikia karibu kila siku kwenye fiziotherapia, na nadhani lugha inachangia, maana "uti wa mgongo" tunaita mifupa na tunaita pia ule ugwe wa neva unaopita ndani yake. Mifupa inashuka mpaka makalioni, ila ugwe kwa mtu mzima unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kushuka ni nyuzi za neva tu zinaning'inia kwenye maji kama mkia wa farasi, ndo maana mama anayeenda kufanyiwa oparesheni ya kujifungua anachomwa sindano ya ganzi chini ya hapo. Diski yako iko chini kabisa, kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyonga wa katikati, kwa hiyo ugwe wenyewe haufiki huko.

Sasa diski ni gegedu, pembeni tabaka tabaka kama kitunguu, katikati ute mzito. Tabaka zikichanika ute unasukumwa nyuma, na kwa kuwa katikati pana kano imara unatokea pembeni kidogo, palepale inapopita neva ya S1, yaani ya kwanza ya huo mfupa wa nyonga (ya L5, ile ya pingili ya tano ya kiuno, inakuwa imeshatoka juu yake). Neva hiyo inaleta hisia za nyuma ya kigimbi, unyayo na kidole cha mwisho, yaani ramani uliyonichorea wewe mwenyewe. Ubongo unapata taarifa kwenye waya wa mguu unaamini mguu ndo umeumia.

Wengi wanapona bila kupasuliwa, ndani ya wiki hadi miezi michache, na kile kipande kilichotokeza mara nyingi mwili unakisinyaza wenyewe. Usilale kitandani siku nzima, tembea kidogo kidogo, tofali acha kwanza, na saa ya kwanza ukishaamka usiiname sana maana diski asubuhi imejaa maji imetuna.

Ila ukiona mkojo unagoma au unatoka wenyewe, choo hukizuii, ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, au miguu yote inalegea, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, hapo huo mkia wa farasi umebanwa na ukichelewa hasara inaweza kubaki.

Kitu kimoja nataka ukipime leo. Shika ukuta, simama mguu wa kulia, nyanyua kisigino mara 10, halafu fanya hivyohivyo kushoto. Neva ya S1 ndo inayoendesha kigimbi, kwa hiyo kushoto kukishindwa mapema usingoje, rudi kwa daktari wiki hii umwambie nguvu imepungua na umuonyeshe hapohapo. Niandikie kila mguu umefika ngapi.