Una Wajina? Mtangulie Kabla Hajakutangulia

Juzi msomaji mmoja, binti anayeandika hadithi fupi, aliniletea ujumbe: "Kaka, shikamoo. Nimetafuta jina langu kwenye intaneti nikakuta kuna mwimbaji anaitwa hivyo hivyo, tena ana wafuasi kibao. Nibadilishe jina au niache tu kuandika?"

Niache kuandika! Nilianza kucheka, kicheko kikakatikia njiani. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nimekaa kwenye ngazi za ukumbi na suti ya kuazima mwilini.

Jina langu ni la kawaida mno. La kwanza lipo karibu kila darasa, la pili lipo karibu kila ukoo. Ukiyaweka pamoja unampata mhasibu fulani, unampata mchezaji wa akiba wa timu isiyopanda daraja, unanipata mimi, na unampata bwana mmoja ambaye hapa nitamwita Wajina tu, maana nikimtaja ni kama nimejitaja mwenyewe.

Wajina na mimi tuliandikia jarida moja. Yeye alikuwa mtu wa uchumi, mimi visa vya maisha. Mwaka fulani makala yangu ikachaguliwa kupewa tuzo. Siku yenyewe mshereheshaji akasoma aya ya kwanza kwa sauti, nami nikaitambua kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe ukutani kwa jirani. Kisha akataja jina. Tukasimama wawili. Mimi nilikuwa nyuma kabisa karibu na spika, yeye safu ya mbele. Nilipofika katikati ya ukumbi alikuwa ameshashika fremu, kamera zinamulika. Ikabidi nikate kona kuelekea chooni, kama mtu aliyekuwa na safari hiyo tangu mwanzo. Nikiwa mlangoni nilimsikia akimshukuru mkewe kwa kuvumilia usiku mwingi wa kuandika.

Alinikuta baadaye kwenye zile ngazi. "Pole somo yangu," akasema, "nilidhani ni ile yangu ya mfumuko wa bei."

Makala iliyosomwa ilihusu bibi anayejifunza kusoma. Mfumuko wa bei unaingilia wapi?

Sitawachosha na simu na barua zilizofuata. Hundi ilirekebishwa, fremu nikaletewa. Picha iliyotoka haikurekebishwa, na hadi leo kuna watu wanaamini yule bibi ni wa Wajina.

Basi nikaanza kukusanya habari za watu wenye majina yanayofanana, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa raha tupu. Aliyeniponya ni Winston Churchill. Nasema Churchill wawili. Kabla yule Mwingereza aliyekuja kuwa waziri mkuu hajajulikana na dunia, Marekani kulikuwa na Winston Churchill mwingine, mwandishi wa riwaya, aliyezaliwa mwaka 1871, miaka mitatu kabla ya mwenzake. Mwaka 1899 riwaya yake *Richard Carvel* ilinunuliwa kama njugu. Yule Mwingereza, kijana wa miaka 24 wakati huo, akaanza kupokea pongezi za riwaya. Naye alikuwa na riwaya yake, *Savrola*, ikitoka kwa mfululizo kwenye jarida, akadhani anasifiwa yeye. Kumbe!

Sasa tazameni alichofanya. Hakununa. Alimwandikia mwenzake barua ya heshima, Bwana Winston Churchill akimsalimu Bwana Winston Churchill, akamweleza kwamba tangu hapo kazi zake atatia sahihi Winston Spencer Churchill ili wasomaji wasichanganyikiwe. Mmarekani akajibu kwa adabu ile ile: yeye hana jina jingine, angekuwa nalo angelitumia. Mwaka uliofuata wakakutana Boston. Mmarekani akaandaa karamu, na kwa maelezo ya Mwingereza mwenyewe, barua zake zote zilipelekwa kwa mwenyeji wake, halafu bili ya chakula ikaletwa kwake yeye. Mwaka 1953 Mwingereza akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na kwenye majalada ya vitabu vyake ile S. ingalipo katikati. Yule wa *Richard Carvel* leo anakumbukwa na wachache.

Mmeona? Aliyeongeza jina ndiye aliyebaki. Na mimi nikaongeza jina la babu. Toka siku hiyo hakuna makala yangu inayotoka na majina mawili, na mhariri akilikata namrudishia kazi. Wengine wananiona najidai. Acha waone.

Waigizaji wa Marekani hawaachiwi hata hiari. Chama chao hakitaki wanachama wawili wenye jina moja la kazi. Michael Keaton alizaliwa Michael Douglas, akakuta jina lina mwenyewe, akatafuta jingine. Michael J. Fox jina lake la kati ni Andrew. Hiyo J haimo kwenye cheti chochote, aliichukua kumuenzi mwigizaji Michael J. Pollard, kwa sababu Michael Fox mwingine alishasajiliwa. Mwimbaji Mwingereza David Bowie naye alikuwa David Jones, akalihama jina hilo asichanganywe na Davy Jones, yule aliyekuja kuvuma na kundi la muziki la Monkees. Hebu fikiria angeng'ang'ania.

Wapenzi wa mpira mnalijua hili nusu. Ronaldo wa Brazil, mnayedhani ndiye mwenye jina lake tangu azaliwe, kwenye Olimpiki ya 1996 alivaa jezi iliyoandikwa Ronaldinho, yaani Ronaldo mdogo. Kikosini kulikuwa na beki aliyemzidi umri, Ronaldo Guiaro, na mkubwa ndiye aliyebaki na jina. Miaka miwili nyuma, kwenye Kombe la Dunia la 1994, kulikuwa na Ronaldo mkubwa mwingine, akiitwa Ronaldão. Kisha mwaka 1999 akaja Ronaldinho tunayemjua sote, ikabidi naye aongezewe Gaúcho. Na Cristiano Ronaldo hakupewa jina la yeyote kati yao. Baba yake alimpenda Ronald Reagan, na mtoto alipozaliwa mwaka 1985 yule Mbrazili alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Jina la tatu, basi. Nalirudia maana najua mtapita haraka: jina la tatu. Kwenye makala, kwenye barua pepe, kwenye wasifu wa kuombea kazi, na liandikwe vilevile kila mahali. Leo ukiandika majina mawili, kesho matatu, keshokutwa herufi za mwanzo, umejitengenezea wajina watatu mwenyewe. Walio kwenye utafiti, tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomtenga mtafiti mmoja na wenzake wa jina moja. Ichukueni, ni bure.

Maana jina likishikamana na la mtu mbaya, heshima yako haikusaidii. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy, mtu ambaye Marekani nzima iliijua sura yake, alieleza jinsi alivyozuiwa mara kadhaa uwanja wa ndege kwa sababu jina lililofanana na lake lilikuwa kwenye orodha ya washukiwa. Seneta! Ilibidi azungumze na wakubwa wa usalama ndipo liondolewe, na hata hivyo ilichukua wiki kadhaa. Wewe na mimi tungempigia nani?

Kuna pia kisa cha gereza la Leavenworth, Kansas, mwaka 1903. Akaletwa mfungwa Will West. Karani akampima kichwa, mkono na mguu kwa utaratibu wa Bertillon, uliokuwa ukiaminika wakati huo, kisha akatafuta kadi. Akaikuta: William West, vipimo karibu sawa, sura hiyo hiyo. Mfungwa akakana kuwahi kufika pale. Naye alisema kweli, kwa kuwa William West alikuwa mle mle ndani, akitumikia kifungo cha maisha. Kisa kimetiwa chumvi sana na wasimulizi waliotaka kuipigia debe alama ya vidole, lakini wafungwa hao wawili walikuwepo, na vidole vyao ndivyo vilivyotofautiana. Kwa hiyo fomu ikiuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, usinung'unike. Jaza.

Siwachafui wajina wote. Aprili 2011 Emmanuel Mutai alishinda marathoni ya London, na siku iliyofuata Geoffrey Mutai akashinda ya Boston kwa saa 2:03:02. Si ndugu, wote Wakenya. Novemba wakakutana New York, Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili. Atakayesema "Mutai alishinda" hajasema kitu, lakini wao kila mmoja alikimbia mbio zake. Au chukua Zanzibar: Abeid Amani Karume rais wa kwanza, na mwanawe Amani Abeid Karume rais kuanzia 2000 hadi 2010. Ukigeuza mpangilio tu, umebadilisha karne.

Na kuna wanaoshangilia. Mjapani Hirokazu Tanaka alimwona mwaka 1994 mchezaji wa besiboli wa jina lake akichaguliwa na timu kubwa, akaanza kuwatafuta kina Tanaka wengine. Mwaka 2022 walikusanyika 178 Tokyo, wakavunja rekodi ya kina Martha Stewart 164 waliokutana Marekani mwaka 2005. Mimi kwenye mkutano huo nisingekwenda. Labda ningekwenda, ila ningekaa safu ya mbele.

Jambo la mwisho, na hili halina mjadala. Barua ya wajina wako ikikuangukia, usiisome hadi mwisho. Mrudishie aliyetuma, mwambie amekosea mtu. Mimi nimesharudisha ankara, mialiko ya harusi, hata majibu ya hospitali niliyoyafunga baada ya mstari wa kwanza. Wajina hajawahi kunirudishia hata moja, na sitaki kuamini kwamba kwa miaka yote hii hakuna iliyomfikia.